Uzito wa Sisimizi

Wiki ile nyumba nzima ilikula kwa kujificha, kama watu walioiba. Mama alizima jiko Jumatatu na kutangaza kwamba halitawashwa tena mpaka Ijumaa, kijana akishapimwa uzito. Baba, ambaye alikuwa mwoka mikate, alikula hukohuko kazini, wima, mgongo kauegemeza kwenye magunia ya unga. Dada mtu, fundi cherehani, alikula kwenye banda lake la kushonea, kisha akasugua meno kabla ya kurudi nyumbani, maana siku ya kwanza mdogo wake alimnusa tu akamwambia, "Dada, umekula mayai," akainuka na kutoka nje macho yamemlenga machozi. Mama mwenyewe alikuwa akienda kwa jirani na viazi viwili vya kuchemsha, vya kununua, mfukoni, akajifungia bafuni na kuvila upesi upesi.

"Mbona unakula chooni, Mama Sisimizi?" jirani alimwuliza siku moja kutoka nje ya mlango.

"Nakula bafuni, siyo chooni," Mama alijibu, mdomo umejaa. "Na usinicheke."

Jirani alicheka. Mama naye akacheka, kiazi kikampalia, ikabidi jirani afungue mlango ampige mgongoni.

Sisimizi alikuwa na miaka ishirini. Jina hilo alipewa na watoto wenzake kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote na bado alibeba vitu vikubwa kuliko yeye. Jina likabaki, udogo ukaondoka. Mwaka mmoja tu ulitosha: suruali zikapanda juu ya vifundo vya miguu, mabega yakatanuka, sauti ikashuka. Mzazi mwingine angefurahi. Lakini kila kijana alipoingia kwenye chumba cha mazoezi, Kocha alimtazama kwa uchungu, kama mtu anayetazama shati lake limerudi kutoka kwa dobi likiwa limevutika.

"Hamsini na moja," Kocha alimwambia, na alikuwa amelisema hilo mara nyingi. "Timu ya jeshi inataka bondia wa kilo hamsini na moja. Ile ya hamsini na saba ina mwenyewe, na mwenyewe anakula nyumbani kwa mwenyekiti wa timu. Ukitaka kupigana huko, utangoja mpaka uote mvi."

Pambano lilikuwa Jumamosi. Atakayeshinda angechukuliwa na jeshi: ajira ya kudumu, nyumba kambini, na matibabu ya wazazi wake wote wawili. Hayo maneno matatu, matibabu ya wazazi, ndiyo yaliyoingia ndani ya nyumba yao na kukaa. Kifua cha Baba kilikuwa kimejaa unga wa miaka na miaka. Akipanda ngazi tatu, alisimama na kujifanya anatafuta kitu mfukoni.

Alhamisi asubuhi Kocha alikuja na wao wote wakaenda nyuma ya duka la mikate, ambako kulikuwa na mizani ya kupimia magunia. Sisimizi alivua nguo akabaki na chupi. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia kwenye hamsini na nne.

Kocha alimfinya ngozi ya kiunoni kwa vidole viwili, kama anayekagua kitambaa. "Mafuta hana tena," alisema. "Hayo yaliyobaki ni maji. Maji tutayatoa leo jioni."

"Yakishatoka?" aliuliza Dada.

"Kesho akishapimwa anayarudisha. Mwili ni ndoo, dada yangu. Unamwaga, unajaza."

"Ndoo haiumwi."

Kocha alimtazama Baba, kama kumwuliza nani amemleta huyu. Baba akamtazama binti yake. Dada akamvisha mdogo wake shati, na alipokuwa akimfunga vifungo aliona jinsi mifupa ya kifua ilivyosimama, kila mmoja peke yake.

*

Mchana ule Sisimizi alimwita Mama chumbani. Alikuwa amelala chali, midomo imepauka, ulimi anauzungusha mdomoni kama kitu kisicho chake.

"Mama, nataka uniapie."

"Nikuapie nini tena?"

"Tangu jana sijanywa. Kuanzia sasa usinipe maji. Hata nikiomba. Hata nikilia. Mara ya mwisho nilijiibia mwenyewe, nikanywa kikombe kimoja tu, nikazidi, nikafukuzwa pale kwenye mizani kama mbwa. Sitaki tena. Nikikuomba, ujue siyo mimi ninayeomba."

"Sasa atakuwa nani?"

"Ni kiu."

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. Alimshika mguu, akaukuta wa baridi, akaanza kuusugua. "Mwanangu, hii kazi kwani ni ya lazima? Kuna watu wanabeba mizigo, kuna watu wanauza madukani. Hakuna anayewakataza kunywa maji."

"Na Baba atabeba mizigo na kifua kile?"

Mama aliendelea kuusugua mguu.

"Apa, Mama."

"Nimekubali, inatosha."

"Hapana. Apa."

Basi Mama akaapa. Akaapa kwa maziwa yake aliyomnyonyesha, kwa sauti ndogo, huku akiangalia pembeni. Kijana akafumba macho na kutabasamu, akamwambia ahsante, mama yangu, na sura yake ikatulia kama ya mtu aliyelipwa haki yake.

*

Mwenye duka la mikate alikuwa kijana wa kumzaa. Baba alimkuta ofisini akibofya simu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Bosi, nina ombi dogo. Mwanangu anapimwa kesho. Naomba akae jioni hii kwenye chumba cha tanuri, atoe jasho kidogo."

"Mzee, hapa ni mahali pa chakula. Jasho la mtu na mikate ya watu?"

"Atakaa pembeni, bosi. Sakafu nitaosha mwenyewe."

Bosi hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mimi sijasikia ulichosema."

Baba akarudia, kwa sauti kubwa zaidi kidogo.

"Mzee, hunielewi," bosi alisema. "Nasema sijasikia."

Ndipo Baba akaelewa. Akainama, akashukuru, akarudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kugeuka.

Jioni ilipofika, Dada alileta vazi alilomshonea mdogo wake kwa nailoni ya ndani ya magunia ya sukari: suruali na koti, kwenye mikono na miguu ametia mpira. Alikuwa amelishona vizuri, kama anavyoshona vitu vyote, na aliona aibu kwa uzuri wake. Sisimizi akalivaa, juu yake akavaa sweta mbili, akaingia kwenye chumba cha tanuri.

Waokaji wenzake Baba walimpokea kwa vicheko.

"Leo tunaoka mtu!"

"Mzee, huyu umemtia hamira kweli? Mbona haumuki?"

"Ataumuka kesho," Baba alijibu, na Sisimizi naye akacheka, kicheko kisicho na mate.

Kocha akamwamuru aruke kamba. Akamkalisha kwenye kigoda, akampa kopo la kutemea mate, akamrusha kamba tena. Baba aliendelea na kazi yake. Aliingiza mikate kwa ubao mrefu, akaitoa, akaipanga, na kila alipogeuka alimwona mwanawe kwenye pembe ile, uso umewiva, maji yanachuruzika kwenye mikono ya vazi kila anapoishusha. Harufu ya mkate wa moto ilikuwa imejaa chumba kizima. Kijana hakuinusa. Alikuwa anaangalia sakafu, mahali ambapo jasho lake lilikuwa limefanya dimbwi, na aliliangalia kama anayeliwazia kulilamba.

Baadaye dimbwi likaanza kukauka, na lingine halikuja. Sisimizi akavuta mkono wa sweta, akajipapasa shingoni.

"Baba," alisema. "Jasho halitoki tena."

Baba akaweka ubao chini. Akamgusa paji la uso: ngozi ilikuwa ya moto, kavu kama karatasi. Akamgeukia Kocha. "Amekwisha huyu. Hana kitu."

"Kila mtu hufika hapo," Kocha alisema. "Wanaorudi nyuma hapo ndio tunaowaona wanauza soksi barabarani. Kilichobaki ni nusu kilo. Msogeze karibu na mlango wa tanuri."

Kocha hakuwa mtu mkatili. Yeye mwenyewe aliwahi kupoteza pambano kwenye mizani, na hadi leo aliliota. Aliamini anachokisema.

Baba akamtazama mwanawe. Sisimizi akaitikia kwa kichwa. Baba akainama, akakohoa, akapumzika kidogo, kisha akakisogeza kigoda kwa mikono yake mwenyewe.

*

Ijumaa asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, Mama alisikia anaitwa.

"Mama."

Alikuwa amekaa kitandani, magoti kayakumbatia. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ulimi ulikuwa unagandamana na kaakaa, hivyo maneno yalitoka yakiwa na mlio.

"Mama, kidogo tu. Kwenye kifuniko cha chupa."

"Ulinikataza, baba."

"Nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania. Bado kitambo kidogo tu. Mkishatoka kule utakunywa mpaka uchoke."

"Basi nisukutue. Nitatema. Mama, nitatema, utaniona."

Mama alikuwa na jagi la maji mkononi. Alikuwa ametoka kulijaza kwa ajili ya kumpelekea Baba, ambaye alikuwa anakohoa chumba cha pili. Kijana aliliona. Hakulirukia, hakupiga kelele. Alinyoosha mikono miwili, viganja juu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa hajajua hata kusema, na hapo Mama nusura ampe. Jagi lilikuwa limeshaanza kushuka.

"Sijanywa chochote, Mama. Sijakojoa tangu juzi. Nakuomba."

*Ujue siyo mimi ninayeomba.* Mama aligeuka akatoka nje haraka, akamwaga jagi lote uani. Kisha, kwa kuwa alijua hatoweza mara ya pili, akaiburuta ndoo ya maji ya kupikia akaimwaga nayo, na ile ya kuogea, maji yakakimbia hadi barazani kwa jirani. Dada alimkuta amesimama katikati ya tope, ndoo mkononi.

"Mama, una wazimu? Mpe mtoto maji!"

"Nimeapa."

"Umemwapia mtu mwenye njaa! Mtu mwenye njaa ana akili gani?"

"Wewe ukimpa, akazidi, akafukuzwa, utamwambia nini? Utamwambia nini baba yako?" Mama alimnyooshea ndoo. "Niambie hayo maneno sasa hivi, niyasikie, halafu nenda kamchotee kwa jirani."

Dada alifungua mdomo. Aliyatafuta maneno hayo kweli, akayakosa. Ndani, Sisimizi alikuwa amelala tena, uso ukutani, na walipomwita aondoke aliondoka bila kumwangalia mama yake.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa vijana waliofanana, wembamba na wakimya, wamekaa kwenye sakafu migongo ukutani, kila mmoja na kopo lake la kutemea. Mbele kulikuwa na mizani, meza, na mpimaji mnene aliyekuwa anakunywa soda.

Sisimizi akapanda. Mpimaji akasoma. "Umezidi. Gramu mia mbili."

"Mizani yenu na yetu..." Baba alianza.

"Mizani ni hii, mzee. Wengine wako tayari. Una nafasi moja, nikimaliza hawa wote."

Kocha alitoa wembe mfukoni, kana kwamba alijua. Wakamkalisha kijana pale pale kwenye korido, wakamnyoa kichwa bila maji, nywele zikaanguka mabegani. Alipoambiwa ateme mate, hakuwa nayo. Akapewa ganda la limau alinuse, akatema kitu cheupe kizito. Aliporudishwa kwenye mizani, mpimaji akasema, "Na hiyo chupi."

Kulikuwa na watu wengi ukumbini, baadhi wameinua simu. Baba akachukua taulo akalishika upande mmoja, akatafuta mtu wa kushika upande wa pili. Kocha alikuwa anaangalia mshale. Aliyeinuka alikuwa mpinzani mwenyewe, kijana waliyemwita Kengele kwa sababu ya kicheko chake. Siku hiyo hakuwa na kicheko. Midomo yake ilikuwa imepasuka na damu imeganda kwenye pembe. Akaja taratibu, akashika ncha ya taulo, akageuza uso upande mwingine ili asimwone mwenzake uchi.

Kikohozi kikambana Baba. Taulo likateleza upande wake. Mtu akapiga mluzi, wengine wakacheka, na Baba akaliokota akiwa anakohoa, akasema, "Samahani, samahani," kwa kila mtu na si kwa yeyote.

"Hamsini na moja kamili," mpimaji alisema. "Shuka. Anayefuata."

Kocha alimkumbatia. Baba akalia. Walimfungulia chupa ya maji, akainywa yote bila kupumua, kisha nyingine. Kabla hawajafika barabarani akayatapika yote, yakiwa masafi kama yalivyoingia.

"Ni kawaida," Kocha alisema. "Anywe kidogo kidogo, ale, alale. Kesho ulingoni."

Nyumbani Mama alikuwa amewasha jiko. Alikuwa amepika kila kitu ambacho mwanawe alikipenda tangu utotoni, akapanga mezani, akafunika. Sisimizi alikula vijiko vitatu. Alisema mapaja yanamuuma, akaomba Dada amkande, na Dada alipoyagusa akayakuta magumu kama mbao. Mchana akaenda kukojoa, akarudi akamwita baba yake chemba, akamwonyesha kwenye kopo. Ulikuwa mkojo kidogo tu, kama mafunda mawili, wa rangi ya soda nyeusi.

"Huo ni ule uliokaa siku nyingi," Baba alisema, kwa sababu alitaka iwe hivyo.

Baada ya hapo hakikutoka kitu tena. Jioni alianza kumwita Mama "kocha" na kuuliza kama zamu yake imefika. Kisha akakakamaa, macho yakageuka juu, na meno yakauma ulimi.

*

Daktari alikuwa mwanamke mchovu mwenye sauti ya upole. Alimpima, akachukua damu, akatoka nje kuwauliza.

"Misuli imevunjika, na inaziba figo. Nataka kujua kilichotokea. Alikuwa kwenye joto? Joto la namna gani, kwa muda gani?"

Baba alitazama viatu vyake. Simu ya bosi ilikuwa imeshampata njiani: nani alikuambia uingize mtu pale, mimi nilisikia wapi, ole wako jina la duka langu litajwe. "Alikuwa anakimbia," Baba alisema. "Juani. Vijana hawa hawasikii."

"Jua gani?" Dada alisema. "Baba, sema."

"Nimesema."

"Daktari, alikuwa kwenye chumba cha tanuri la mikate. Jioni nzima. Kavaa nailoni niliyomshonea mimi. Na maji hakunywa tangu Jumatano mpaka alipopimwa."

Daktari alimwangalia Baba kwa muda. Hakumkemea, hilo lilimwuma Baba kuliko kukemewa. "Ahsante," alimwambia Dada, akarudi ndani.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya nguo yake.

Jumamosi, saa ya pambano ilipopita, Kocha alikuja hospitalini akiwa amevaa fulana ya timu. Hakuingia wodini. Alisimama na Baba kwenye korido.

"Wamemwita mara tatu ulingoni," alisema. "Kengele akainuliwa mkono bila kurusha ngumi."

"Jeshi hawawezi kumngoja? Akipona?"

"Mzee, jeshi halimngoji mtu."

"Hata barua tu, waseme alifuzu kwenye mizani. Kamili. Wewe uliona."

Kocha alijifuta uso. "Kamati imekaa. Wamesema alikuwa na ugonjwa wake wa zamani. Mimi sikusema hivyo, walisema wao." Akasita. "Nami nilimwambia siku zote apunguze taratibu. Utakuwa shahidi wangu kwa hilo."

Baba alitikisa kichwa, na haikujulikana kama anakubali au anakataa. Walisimama pale, wanaume wawili, mpaka muuguzi akawaambia wanaziba njia.

Figo hazikurudi. Wiki tatu baadaye Sisimizi alitoka hospitali akiwa hai, na kila mtu mtaani alisema Mungu mkubwa. Mara mbili kwa juma ilimbidi arudi akasafishwe damu kwenye mashine. Aliambiwa asinywe maji zaidi ya vikombe viwili kwa siku, maana hayakuwa na pa kutokea. Mama ndiye aliyepewa kazi ya kuyapima. Alipoelezwa hivyo na muuguzi, alisema amesikia, akaenda msalani, akakaa huko muda mrefu.

Baba alikuta kufuli jipya kwenye mlango wa duka la mikate, na mtu mwingine ndani. Cherehani ya Dada ikauzwa mwezi wa pili. Akawa anashonea kwenye mashine ya mtu, kwa malipo ya mtu. Watu walikuja kuwaona kwa wingi mwanzoni, baadaye kwa uchache, baadaye wakawa wanapunga mkono wakipita.

*

Kengele alikuja siku moja ya mwisho wa juma, mchana, amevaa sare ya jeshi. Alipiga hodi kwa adabu, akamwamkia Mama shikamoo, akampa mfuko wa machungwa aliokuwa ameuleta. Mama aliupokea kwa mikono miwili. Hakumwambia kwamba machungwa yamekatazwa kwa mgonjwa wa figo.

Sisimizi alikuwa amekaa kitandani, amevimba uso na miguu. Sasa alikuwa na kilo sitini na kitu, na zilikuwa maji. Walisalimiana kwa kugonganisha ngumi, kama zamani. Mama aliwaletea kiti, akarudi jikoni, ambako kila neno lilisikika.

Waliongea habari za mazoezi, nani kaoa, nani kavunjika mkono. Kengele akacheka mara moja, kile kicheko chake, halafu akakikata katikati.

"Nimeongezeka uzito," Kengele alisema. "Chakula cha kambini kinanenepesha. Nimefika hamsini na nane. Mashindano ya majeshi ni mwezi ujao, na wananitaka kwa hamsini na moja ileile."

"Waambie huwezi."

"Nimeshawaambia. Wakaniambia walionileta kwa hamsini na moja ndio watakaonirudisha nyumbani." Alikuwa anazungusha kofia yake ya kijeshi magotini. "Mama yangu nimeshamhamishia kwenye nyumba ya kambi. Ana kisukari. Dawa anapata pale pale."

Sisimizi alivuta shuka juu ya miguu yake iliyovimba.

"Nilitaka kukuuliza," Kengele alisema, na sauti ikashuka. "Usinielewe vibaya. Siku ile ulitoa kilo tatu kwa usiku mmoja. Mimi sijawahi kuzidi mbili. Ulifanyaje?"

Jikoni, Mama alishika ukingo wa meza. Alingoja mwanawe apige kelele. Alingoja kusikia kiti kinaanguka, mgeni anafukuzwa. Hata yeye mwenyewe alikuwa tayari kutoka na chochote kilicho karibu.

Sisimizi alimwangalia mwenzake, mashavu yake, shingo yake iliyojaa, rangi nzuri ya ngozi yake. Alipojibu, alijibu bila hasira, kama fundi anayemjibu fundi.

"Usimwapishe anayekupenda," alisema. "Hilo tu ndilo ninaloweza kukwambia. Mtafute mtu asiyekujali, akusimamie yeye. Huyo ukimwomba maji atakupa, kwa sababu haoni kitu cha kupoteza. Wanaokupenda wanakutii."

Kengele aliitikia polepole. Alikuwa hajaelewa. Alikuwa amekuja kutafuta kitu kingine, na baada ya kungoja kidogo akaona hakitatoka, akainuka, akavaa kofia, akamwombea mwenzake afya njema.

Mama alimsindikiza. Walitembea mpaka mwisho wa uchochoro, yeye mbele, kijana nyuma yake. Pale barabarani Mama aligeuka, akamshika mkono juu ya kiwiko, mahali palipoanza sare.

"Mama yako anatembea vizuri?"

"Anatembea, mama. Sukari tu ndiyo inamsumbua."

"Mwambie aje anione. Mwambie nina neno naye, la wanawake wawili. Kabla hujapimwa. Asije siku nyingine, aje kabla hujapimwa. Utamwambia?"

"Nitamwambia, mama."

"Niahidi."

"Nimeahidi."

Mama alirudi nyumbani, akafagia sebule, akapanguza kile kiti kimoja kizuri na kukiweka mahali penye mwanga. Wiki ile hakwenda popote isipokuwa hospitali, na akienda alimwachia jirani maagizo: akija mwanamke mgeni, amkaribishe, asimwache aondoke. Mwezi ukaisha. Mashindano ya majeshi yakafanyika, yakapita. Hakuna mwanamke aliyekuja.